Rangi ya Majani

Miriamu alikuwa jirani yangu katika kambi ya Nakivale, Uganda, kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa na mume wangu, na katika muda huo wote sikuwahi kumwona ameipa barabara mgongo. Akichambua maharage, akimsuka mtu nywele, akila, kiti chake kilielekea barabarani. Wageni walidhani ni umbea. Sisi wa karibu tulijua kwamba anamngoja mtoto.

Mimi ni Kampire. Nasema mapema kwamba subira sina, na habari hii naisimulia nikiwa na hasira ambayo haijaisha mpaka leo. Anayetaka masimulizi ya kubembeleza amtafute mke wa mchungaji.

Tulitoka sote Kivu ya Kusini, mimi kwenye mabonde, yeye juu kabisa milimani, kwenye baridi na ng'ombe. Mumewe Musoni alikuwa mfugaji, ila mfugaji mwenye madoido. Mwaka aliojenga nyumba alishuka kwa miguu hadi Uvira, akanunua kopo la rangi, akapanda nalo mlima kichwani, akapaka madirisha mawili ya mbele rangi ya kijani. Kule juu hakuna aliyewahi kupaka dirisha. Majirani walimcheka, wakasema ng'ombe wake wataanza kula madirisha wakidhani ni malisho. Musoni alicheka nao, na rangi akaiacha. Kwa Kiswahili chetu cha Kongo rangi hiyo tunaiita rangi ya majani, kwa maana ya majani mabichi, ya malishoni au ya mgomba, yoyote yale. Mtoto wao wa pili, Muhirwa, alijifunza kusimama kwa kushikilia ukuta chini ya madirisha hayo.

Mwaka 1996 vita vikatung'oa. Miriamu alishuka mlima akimshika Muhirwa mkono, mtoto wa miaka mitano, na Musoni alikuwa nyuma na binti yao mkubwa, Ikirezi. Huko chini barabarani kulikuwa na malori, na watu walikuwa wakirusha watoto juu kwanza ili mama zao wapate nafasi ya kupanda. Mwanamume mmoja akamchukua Muhirwa mikononi mwa Miriamu, akamkabidhi kwa waliokuwa juu. Miriamu akaweka mguu kwenye gurudumu. Lori likaondoka. Alilikimbilia mpaka akaanguka, na kovu la goti analo hadi sasa. Siku zile malori yalijaa watoto wasio na mama, na kila lori lilishika njia yake.

Nakivale tulifika baadaye, baada ya kuzunguka nchi ambazo sitaki kuzitaja. Tukapewa turubai, kisha kiwanja, kisha jembe. Musoni akajenga nyumba ya matofali ya udongo na kuezeka mabati, akatengeneza madirisha ya mbao za masanduku ya chakula. Hakuyapaka rangi. Nilimuuliza, mtu wa madoido kama wewe, mbona madirisha yanabaki uchi? Akasema atayapaka siku Muhirwa atakapopatikana, rangi ile ile. Kifua kikamuua kabla ya siku hiyo. Madirisha yakabaki vile vile, yakawa ya kijivu, kisha mchwa wakaingia.

Ikirezi aliolewa, na yeye na mume wake wakapata safari ya kwenda kuishi Amerika. Jina la Miriamu lilikuwamo kwenye safari hiyo. Akakataa. Watu wanauza mpaka mbuzi wa mwisho wakitafuta kupanda ndege ile, yeye akakataa. Alimwambia binti yake mbele yangu: "Mi nikienda, Muhirwa akifika hapa atakuta nani? Atakuta ukuta." Ikirezi alilia kwa siku nyingi. Alipanda basi la safari akiwa hajamsamehe mama yake, na sikumlaumu.

Habari kwamba Miriamu ana mtoto Amerika zilipoenea, wakaanza kuja akina Muhirwa. Dunia ina wajanja, na kambi ina wajanja wake. Wa kwanza alikuja akilia tangu getini. Miriamu akampa maji, akamuuliza swali moja: madirisha ya kwetu yalikuwa rangi gani? Kijana akasema nyeupe. Miriamu akamwambia amalize maji, aende salama. Mwingine akasema bleu, yaani buluu, naye akaenda. Jibu la swali hilo Miriamu hakumwambia mtu isipokuwa mimi, na mimi, pamoja na mdomo wangu wote, sikulitoa nje.

Basi mwaka 2013 mchungaji wetu Appolinaire alialikwa kuhubiri upande wa Bushenyi, kwenye mashamba ya chai. Huko alimsikia kijana mmoja akitoa ushuhuda kanisani. Kijana aliitwa Apollo, lakini alisema hilo si jina la nyumbani kwao, ni jina alilopewa na mama wa Kinyankore aliyemlea. Alikumbuka milima, ng'ombe, baridi, lori, mkono wa mama ukimwachia. Jina lake la utoto halikumo kichwani tena, wala la baba. Mchungaji akarudi na namba ya simu.

Tulipiga kwa simu yangu, tumekaa mlangoni kwangu, nimeweka sauti kubwa. Kijana alijua maneno machache tu ya lugha yetu ya nyumbani, kwa hiyo walizungumza Kiswahili. Sauti yake ilikuwa ya upole. Miriamu hakumsalimu sana.

"Mutoto, mi nitakuuliza neno moja tu. Nyumba ya kwenu kule, madirisha yake ilikuwa rangi gani?"

Miriamu akasogeza sikio kwenye simu.

"Ilikuwa rangi ya majani," akasema. "Baba ndiye alipaka. Mimi nilishika kabla ya kukauka, ikabaki kwa vidole. Mama alinichapa."

Miriamu aliiweka simu chini kwenye vumbi kwa uangalifu mkubwa, akajilaza pale pale chini ubavu, akafunika uso kwa kitenge. Ni mimi niliyemwambia yule kijana kwamba mama yake amesikia, asubiri, asikate. Nililia mpaka nikashindwa kumwelekeza njia ya kuja.

Kijana alikuwa na kazi, hakuweza kuja mara moja. Miriamu akasema vema, hata yeye hajawa tayari. Akanipeleka mbele ya nyumba yake, akasukuma kidole ndani ya fremu ya dirisha, kikazama kwenye mbao kama kwenye ugali.

"Muhirwa hawezi kukuta hii," alisema. "Baba wake alisemaka atapaka. Nitapaka mimi."

"Huwezi kupaka uji," nikamwambia. "Hii haishiki rangi. Inatakiwa madirisha mapya."

Ikirezi aliposikia alituma pesa za kutosha siku ile ile, huku akicheka na kulia kwenye simu, na akasema mara hii mama atakuja, na kaka atakuja, wote. Miriamu akaitikia. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akiitikia safari.

Tukaenda Mbarara, mimi na yeye, tukapandia gari Rwekubo, kituo cha karibu na kambi. Tulianza kwa maseremala wa Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi. Kulikuwa na madirisha mazuri ya mbao nyekundu, yamechongwa maua pembeni, na mimi nilishayapenda. Miriamu akayanusa, akayagonga kwa kidole, akauliza kama mbao hiyo mchwa hawaili. Seremala akaapa. Miriamu akamwambia mchwa wa Nakivale hawajasikia kiapo chake. Tukavuka tena mto, tukaenda Nyamityobora kwa mafundi wa chuma.

Fundi tuliyempata aliitwa Ashiraf. Alikuwa mtoto wa askari, amezaliwa na kukulia kambi ya jeshi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambi, kifupi na cha amri, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mpole. Alikuwa na fremu zimesimamishwa ukutani hadi barabarani, zote bado zina rangi ile ya kwanza ya kuzuia kutu.

"Nyabo, hii ya chuma itaona mpaka wajukuu yako," alimwambia Miriamu, kwa maana huko Uganda mama wa heshima huitwa nyabo. "Unataka kufungua ndani ama nje?"

Miriamu akataka yafunguke nje, mabawa mawili, kama yale ya mlimani. Ashiraf akauliza nondo. Miriamu akasema hataki nondo.

"Mwizi ataingia," akasema Ashiraf.

"Mutoto wangu anakuya, halafu mi nimuonyeshe gereza?"

Ashiraf akanitazama. Nikamwambia aweke nondo nyembamba zilizopindwa maua, mama atazoea. Vioo navyo vilitusumbua. Ashiraf alisifia vile vyenye mikunjo ya maua, vinavyopitisha mwanga bila mtu wa nje kuona ndani, ndivyo watu wa mjini walivyopenda. Miriamu alisogeza uso kwenye kioo hicho, akarudi nyuma.

"Kupitia hapa mi sioni barabara."

"Lakini watu pia hawakuoni, nyabo."

"Nataka banione."

Akachukua vioo vya kawaida. Ikabaki rangi. Ashiraf alikuwa na kadi ya rangi imetundikwa kwenye msumari, lakini jua lilikuwa limeila hadi rangi zote zimekaribia kufanana, na yeye mwenyewe akacheka alipotuona tukiikazia macho.

"Hiyo wacha. Wewe sema kwa mdomo, mimi nachanganya mwenyewe."

Miriamu akafumba macho. Namwona hata sasa, mwanamke mwembamba na kitenge chake cha kanisani, amefumba macho katikati ya kelele za mashine za kukatia chuma.

"Rangi ya majani," akasema. "Lakini isikuwe nyepesi. Bwana wangu alipakaka yenye kuwa nzito kidogo."

"Majaani," akarudia Ashiraf, akilivuta lile neno kwa ulimi wa kikwao. "Majaani, lakini nzito. Nimesikia, nyabo. Hiyo ni rangi nzuri, haionyeshi vumbi."

Tukarudi tumeridhika. Njiani Miriamu aliongea bila kupumua. Alinieleza jinsi Muhirwa alivyokuwa anaogopa ndama, jinsi alivyokuwa analala amemshika sikio baba yake. Miaka yote ile nilikuwa sijayasikia hayo. Nilifurahi mpaka nikasahau kumwambia apunguze sauti.

Ashiraf aliyaleta madirisha kwa pikapu, yamefungwa mablanketi yasikwaruzike. Yeye na mwenzake wakang'oa yale ya Musoni, ambayo yalianguka vipande kabla ya kufika chini, wakasimamisha mapya, wakaziba kwa saruji. Kisha Ashiraf akavuta blanketi kwa madaha, akarudi nyuma ili atazame uso wa mama.

Yalikuwa ya kahawia. Kahawia iliyokolea, inayong'aa, imepakwa kwa ufundi mkubwa.

"Hii ni nini?" akauliza Miriamu.

"Ni ile ulisema."

"Mi nilisema majani."

"Na hii si majaani? Umesema nzito, nimeweka nzito."

Nikadhani amelewa. Ashiraf naye akadhani sisi tumechanganyikiwa. Mwisho akaomba aonyeshwe jikoni, akatoka na pakiti ya chai ya Miriamu, akajimiminia kidogo kiganjani.

"Hii nyinyi mnaita nini?"

"Chai," nikasema.

"Chai ni ile imepikwa. Hii kavu, sisi hapa tunaita majaani. Ukisema rangi ya majaani, kila mtu Mbarara atakupakia hii."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Miriamu hakucheka. Alipitisha kiganja kwenye fremu kama mtu anayepima homa ya mtoto, akasema kwa sauti ndogo kwamba Muhirwa anafika Jumamosi. Ashiraf akasikitika kweli kweli. Akasema kosa ni la lugha, si la mtu, na kwamba wiki inayofuata atarudi na grini ya majani mabichi, apake upya bila kudai kitu. Kabla ya Jumamosi hakuweza, alikuwa na kazi ya watu.

"Basi nitamweleza," akasema Miriamu. "Mutoto wangu ataelewa."

Jumamosi alikuja. Kijana mrefu, mnyamavu, viatu vimepigwa rangi, mfuko wa nguo mgongoni. Miriamu alitoka mbio hadi barabarani, na kovu lake la goti na yote, na alipomfikia hakumkumbatia kwanza, alimshika mikono yote miwili, mimi nikajua anaishika mahali alipoiachia. Wanakwaya waliimba. Maziwa yalimiminwa vikombeni hadi vikombe vikaisha. Mzee Karekezi, ambaye alichunga ng'ombe na Musoni tangu ujana, akamzunguka kijana, akatangaza kwamba huo ni mgongo wa Musoni, na paji ni la Musoni, na hata anavyokaa ni Musoni. Watu ambao siku zote walimwita Miriamu Mama Ikirezi wakaanza palepale kumwita Mama Muhirwa. Kila alipoitwa hivyo aliitika mara mbili.

Jioni kabla ya jua kuzama watu walipopungua, kijana akasimama mbele ya nyumba, akayatazama madirisha. Akaenda akagusa fremu kwa ncha za vidole. Machozi yakamtoka. Mimi na Miriamu tulikuwa karibu, tumeshika sahani za kuosha.

"Mutoto wangu, unisamehe," akasema Miriamu. "Nilitaka ukute rangi ya kwetu. Fundi alikosea. Wiki inayokuya atakuya kubadirisha."

"Hapana, mama, usibadilishe," akasema kijana. "Ni hii hii. Rangi ya majaani. Ndiyo hii nilikwambia kwa simu."

Sikuelewa mara moja. Nilikuwa natabasamu. Miriamu aliweka sahani chini, akainama, akang'oa nyasi chache ukingoni mwa njia, akamwonyesha.

"Na hii, wewe unaita rangi gani?"

"Hiyo?" Kijana akacheka kidogo, akijifuta macho. "Hiyo ni grini, mama."

"Madirisha ya kwenu haikukuwa hivi."

"Hapana. Ilikuwa kama hii umeweka. Nakumbuka sana. Hata vile nilianza kazi kwa kiwanda cha chai, nikaona majaani ya kukauka, nilisema, hii ni rangi ya kwetu."

Hapo na mimi nikaelewa kwamba huyu alitoka nyumba nyingine, na tabasamu likanigandia usoni nisijue pa kulipeleka. Miriamu alizishika zile nyasi. Alimwambia kijana aingie ndani apumzike, safari ilikuwa ndefu, naye akaingia, hajui lolote, mwenye furaha. Aliinama mlangoni asigonge kichwa.

Nilimfuata Miriamu jikoni nikafunga mlango. Hakulia. Alikaa kwenye kigoda amelitazama jivu, na nikaona jinsi alivyozeeka kati ya sahani ya kwanza na ya mwisho.

"Nyamaza," nikamwambia. "Sikiliza mimi. Ni nani anajua? Mimi na wewe. Yeye mwenyewe hajui. Watu bote banasema ni sura ya Musoni. Hana mama, wewe hauna mutoto. Ikirezi ameshaanza kutafuta njia ya kuwachukua bote wawili. Mungu akupatie nini tena, barua?"

"Mama iko naye," akasema Miriamu.

"Nani?"

"Huyu mutoto. Alikuwa na mama, alimuchapa ju ya rangi; mi sikumuchapaka Muhirwa ju ya ile, furaha ilinizibaka masikio. Yule mama iko fasi fulani, Kampire. Anakaa anatazama barabara. Anaulizaka batu rangi ya madirisha, banamwambia nyeupe, banamwambia bleu. Nikimukamata huyu, yule atangoja mupaka anakufa, na aliyemungojesha ni mimi. Mi najua ile kazi."

"Labda alishakufa."

"Labda. Na batu banasema vile kwa ajili yangu."

Nilishika sufuria, nikairudisha mahali pake.

"Halafu Muhirwa," akaendelea, na sauti yake ikakatika kwa mara ya kwanza. "Nikiita huyu Muhirwa, basi yule wangu nimemuzika. Nimemuzika mi mwenyewe, bila maiti, na nimekula sherehe."

Nilimwambia ni mkaidi. Nilimwambia kwamba mtoto akiletwa mlangoni mtu hamwulizi kabila la dirisha. Nilimwambia mambo mengine ambayo sitayarudia, na hata moja silijutii. Alinisikiliza mpaka nikachoka. Kisha akaomba nimsaidie kuosha vyombo.

Alimwacha kijana alale usiku huo akiwa mtoto wake. Asubuhi alimpikia, akamtazama akila, akamwongeza. Alipomaliza, akamkalisha nje mbele ya madirisha, akamweleza yote: kopo la Uvira, ng'ombe na malisho, neno moja lenye rangi mbili. Alieleza polepole, akichagua maneno yasiyopotea njiani. Mimi nilikaa kwenye ngazi yangu, hatua chache tu, nikijifanya nachambua mchele.

Kijana hakubisha. Nadhani moyo wake ulikuwa umeshajua kitu tangu alipoonyeshwa nyasi. Aliweka viwiko magotini.

"Mama, mimi nimechoka kutafuta," akasema. "Wewe pia umechoka kungoja. Si tuwache tu hivi?"

Nilimwombea kwa moyo wangu wote. Nilisema ndani yangu, Miriamu, kubali, mjinga wee, kubali. Mkono wake ulitoka, ukakaa juu ya kichwa cha yule kijana, ukakaa. Nikadhani amekubali.

"Ungekuwa wangu ningekwambia uchoke," akasema. "Lakini iko mwenye anakungoja. Utafute tena kidogo."

Kijana akalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake. Miriamu hakuutoa mkono. Alimfundisha pale pale vitu alivyovijua yeye: kanisa lipi linatangaza majina ya waliopotea, siku gani watu wapya hushushwa kambini, aulize akina nani, asiwaamini akina nani. Alimwambia asimtajie mtu rangi, amwache mwingine aitaje.

"Na akitaja," akasema, "usisikie mudomo. Umwambie akuonyeshe na kidole."

Kisha akampigia Ikirezi. Sikusikia maneno ya upande wa pili, nilisikia tu Miriamu akisema, "Hapana, mutoto wangu. Hapana, si yeye." Na mwisho: "Nitabaki." Ikirezi hakupiga tena hadi mwaka uliofuata. Hilo nalo ni sehemu ya hasira yangu, kwa sababu jioni jioni ni mimi niliyekaa na Miriamu, si wale wanaosema alifanya vema.

Kijana akafunga mfuko wake. Sisi kwetu mtoto wa nyumba akisafiri unamuaga mlangoni, anaondoka, kwa sababu anajua njia na atarudi. Anayesindikizwa ni mgeni. Miriamu alifunga kitenge vizuri, akauchukua mfuko wa kijana begani mwake, akatoka naye. Niliona hivyo nikaacha mchele wangu, nikawafuata kwa mbali.

Walitembea bila kuongea. Watu waliokunywa maziwa jana yake walikuwa milangoni, na kila mtu alisalimia. Mzee Karekezi alikuwa anafungua mbuzi wake. Akainua mkono, uso wake wote unacheka.

"Mama Muhirwa, mutoto anaenda wapi tena, na hata hajapumzika?"

Miriamu alisimama. Alitua mfuko chini, akapumua, akaupandisha tena begani.

"Anaenda kwa mama wake," akasema, na wakaendelea na njia ya kwenda Rwekubo.